Hina siku mbili, dawa wiki kumi: majibu ya maswali yenu ya urembo

Barua za mwezi huu zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zina mvutano mmoja ndani yake: mwanamke mmoja yuko saluni kila Jumamosi, mwingine huenda Idi hadi Idi, na kila mmoja anamwona mwenzake kapotea. Majina tumeyaficha. Maswali tumeyafupisha.

Wifi yangu huenda saluni kila wiki: kichwa, kucha, uso, nyusi. Mimi naoga, napaka mafuta ya nazi, nasukwa mabutu nyumbani, basi. Juzi kwenye shughuli akasema mbele za watu kwamba nimejiachia na kaka yake atanichoka. Kuna kiwango ambacho mwanamke lazima akifikie?
*Mama wa watoto wawili, Chikongola, Mtwara*

Dada, wifi yako amechanganya mambo mawili, usafi na urembo. Usafi una kiwango. Urembo hauna.

Kiwango cha usafi ni hiki. Meno mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na usiku usiruke. Kuoga mara mbili, kwa kuwa jasho la kwetu, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, halikauki mwilini. Nguo ya ndani ya pamba, safi kila siku. Kucha zikatwe kila baada ya wiki mbili. Ngozi ya kichwa ioshwe kila wiki moja au mbili, hata kama umesuka. Sehemu za siri zioshwe nje tu, kwa maji. Ndani hujisafisha penyewe, na sabuni, ndimu au shabu huua bakteria wazuri wanaokulinda, ndipo harufu na uchafu vinapoanza kwa mwanamke ambaye hakuwa navyo. Hili tunalisisitiza kwa sababu wengi hufundishwa kinyume chake na watu wanaowapenda.

Ukifikia hapo, hujajiachia. Kinachobaki ni raha ya mtu, ila hata raha ina ratiba inayopangwa na mwili wenyewe. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Kucha za mikono hukua kama milimita 3, za miguu nusu yake au chini ya hapo. Ngozi ya uso hujivua na kuwa mpya kwa takribani wiki 4. Kwa hiyo nyusi hutindwa kila baada ya wiki mbili au tatu, na uso wenye afya unatosheka na usafishaji wa saluni mara moja kwa mwezi. Ukisuguliwa kila wiki, ngozi changa inafika juu kabla haijakomaa. Utaiona inang'aa kama imepakwa mafuta lakini ukiigusa ni kavu, sabuni inawasha, na jua la saa sita linaacha madoa. Kama wifi yako anapenda kwenda kila Jumamosi, aende akaoshwe nywele na kukandwa miguu. Hivyo havina madhara.

Tukumbuke pia tulikotoka. Bibi wengi wa Kimakonde walichanjwa chale usoni na kuvaa ndonya kwenye mdomo wa juu, na ndio waliokuwa wazuri wa zama zao. Wajukuu zao wanabandika kope. Hakuna kizazi kilichopewa rula ya kuwapimia wengine.

Kuhusu kuchokwa, mwenye neno hilo ni mumeo. Muulize mwenyewe, mkiwa wawili.

Nabangua korosho kwa mkono na viganja vyangu vimekuwa vyeusi, vinachunika. Binti yangu anaolewa wiki tano zijazo. Mwenzangu mmoja anasema nitumie jiki, mwingine mafuta ya taa, wa tatu ananiambia niache kuhangaika, mikono ya kazi haina aibu.
*Mama wa bibi harusi, Tandahimba*

Mama, shikamoo na hongera. Viganja vyako vimeungua na kutiwa rangi kwa pamoja. Ganda la korosho limebeba katikati yake mafuta mazito, makali, yanayokula tabaka la juu la ngozi na kuacha weusi. Weusi huo haukukaa juu kama vumbi. Umo ndani ya ngozi iliyokufa, na hautoki mpaka ngozi hiyo ijivue. Kiganja kina ngozi nene, hivyo huchukua wiki nne hadi sita. Ukipumzika kubangua kuanzia leo, siku ya harusi mikono itakuwa imetakata kwa kiasi kikubwa.

Jiki italichoma jeraha ambalo tayari ni jeraha. Mafuta ya taa yataondoa mafuta ya asili ya ngozi, ngozi itapasuka, na ukirudi kazini utomvu wa ganda utapita kwenye nyufa hadi ndani. Ndimu nayo iache: maji yake yakipigwa na jua ngozini huleta malengelenge na madoa meusi.

Kama huwezi kusimama kazi kwa sababu ya gharama za harusi, basi jikinge kwa mpangilio. Kabla ya kuanza, paka mafuta ya nyonyo au ya nazi kijiko kimoja cha chai kwa mikono yote miwili, kati ya vidole, pembeni mwa kucha, hadi juu ya kifundo. Subiri dakika tano. Kisha vaa glovu za mpira. Kama hakuna glovu, chovya mikono kwenye jivu baridi lililochekechwa, na rudia kila unapomaliza fungu, maana kazi ya jivu ni kunyonya utomvu kabla haujafika kwenye ngozi. Wengi hupaka jivu peke yake bila mafuta chini. Jivu hilo hilo hukausha ngozi na kuipasua. Na glovu iliyotoboka ni mbaya kuliko mkono mtupu: utomvu ukishaingia haupati pa kutokea, unalala na ngozi mchana kutwa.

Kosa kubwa zaidi hufanyika jioni. Mtu anakimbilia maji. Mafuta ya ganda hayachanganyiki na maji, kwa hiyo unayasambaza tu hadi kwenye mikono na shingo. Anza na mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chakula: sugua dakika mbili, futa kwa kitambaa kikuukuu, rudia mara moja, kitambaa kitupe. Sasa ndipo sabuni na maji ya uvuguvugu. Malizia kwa vaselini. Kabla ya hapo usijishike uso wala usimshike mtoto.

Kwa wiki hizi tano, paka mafuta ya ufuta kila usiku na uvae soksi safi za pamba mikononi ulale nazo. Mara mbili kwa wiki, kama hakuna kidonda, changanya sukari kijiko kimoja na mafuta kijiko kimoja, sugua taratibu dakika mbili, suuza. Siku mbili kabla ya harusi, kama ngozi imefunga, tia hina viganjani. Wekundu wa hina utasaidia kupunguza kuonekana kwa weusi uliobaki, ingawa hautaufunika wote. Kucha za jeli ziache. Kuziondoa kunataka asitoni, kiyeyushi kikali cha rangi ya kucha, na kucha ndefu itatoboa glovu siku ya kwanza ukirudi kazini.

Ukiona malengelenge, au kope na shingo zinawasha ingawa hazikugusa ganda, huo ni mzio: nenda kituo cha afya, na jihadhari pia na ganda la embe, kwa kuwa lina kitu cha jamii hiyo hiyo. Mwenzako wa tatu amesema kweli, mikono ya kazi haina aibu. Na wewe kutaka mikono laini siku ya binti yako ni haki yako.

Ninaolewa mwezi ujao. Shangazi anataka hina ya asili tu. Rafiki zangu wanataka piko kwa sababu hina ya asili "inatoka rangi ya chungwa." Na dada wa saluni ameniahidi kunitakatisha mwili mzima kwa wiki mbili.
*Bibi harusi mtarajiwa, Mtanda, Lindi*

Rafiki zako wameona kitu cha kweli, ila sababu yake hawajaijua. Hina ikitoka tu mkononi huwa ya chungwa. Rangi yake hukomaa kwa hewa, na inachukua saa 24 hadi 48 kuwa nyekundu iliyoiva. Wanaopakwa usiku wa kuamkia harusi huamka na chungwa, wanashtuka, wanaita mwenye piko. Anayepakwa siku mbili kabla hahitaji piko.

Kwa mikono na miguu, chukua hina ya unga gramu 100, ichekeche kwa kitambaa chepesi. Changanya na maji ya ndimu yaliyochujwa na chai ya rangi iliyopoa, jumla kama kikombe kimoja, ukiongeza kidogo kidogo mpaka iwe nzito kama mtindi. Weka sukari vijiko viwili vya chakula ili isikauke na kubanduka mapema. Funika, iache saa 6 hadi 8. Kwa joto la Lindi isilale zaidi ya hapo, nguvu inaisha. Ijaribu: weka tone kiganjani dakika tano, likiacha alama ya chungwa imeiva. Ikae mwilini angalau saa 6. Ikikauka, bandua kwa kukwangua kwa mgongo wa kisu butu, paka mafuta, na usiguse maji mpaka kesho yake. Kiganja na wayo vitashika zaidi kuliko mgongo wa mkono kwa sababu ngozi yake ni nene, kwa hiyo usishangae rangi mbili.

Piko nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD. Juu ya ngozi, ikiachwa ikauke, inaweza kuleta malengelenge siku chache baadaye, mara nyingine wiki nzima baadaye, yenye umbo lile lile la ua ulilochorwa. Na mwili ukishaikataa mara moja huwa unaikataa maisha yote. Miaka ishirini mbele ukipaka nywele zako rangi nyeusi, kichwa na uso vitavimba. Shangazi yako msikilize.

Kuhusu kutakata kwa wiki mbili: ngozi inajivua kwa wiki nne, kwa hiyo anayekuahidi wiki mbili anatumia kitu kinachozuia rangi kutengenezwa au kinachokondesha ngozi yenyewe. Huo ni mkorogo, jina lolote atakalokupa. Ndani yake mara nyingi kuna haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama clobetasol. Zebaki huumiza figo, na hupita kwa mtoto unayemnyonyesha. Steroidi hukondesha ngozi kiasi kwamba mshono wa upasuaji, hata wa kujifungua, huchelewa kufunga. Soma kopo: ukiona hayo, au maneno mercury, mercurous au calomel, au halina orodha ya viambato kabisa, lirudishe. Vipodozi siku hizi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kopo lisilosajiliwa linaripotiwa huko. Na kama kuna dada anayesoma hapa na amekuwa akipaka steroidi kwa miezi, asiiache ghafla, ngozi itawaka. Amwone daktari, apunguze kwa hatua.

Shangazi akikupaka liwa na manjano kabla ya kuoga, ngozi itang'aa kwa rangi yako mwenyewe. Jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku moja.

Naweka dawa ya kulainisha nywele kila mwezi na katikati nasuka rasta. Sasa nywele za mbele zimekimbia na dawa inanichoma. Mama anasema ninyoe, fundi anasema dawa ikichoma ndiyo inakolea.
*Msichana wa miaka 26, Masasi*

Fundi amekosea, na kosa hilo limeharibu vichwa vingi. Dawa inalainisha unywele. Haina kazi yoyote kwenye ngozi. Ikichoma maana yake imefika pasipotakiwa, na muda huo huo inatakiwa kuoshwa.

Hesabu ni rahisi. Kwa mwezi una sentimita 1 ya nywele mpya. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kupaka dawa kwenye sentimita 1 bila kugusa nywele za zamani ambazo zimeshapikwa. Zikipikwa mara ya pili zinakatika pale pale, ndiyo maana unaona vijinywele vifupi vilivyosimama. Subiri wiki 8, bora 10, upate sentimita 2 au zaidi. Siku tatu kabla usioshe kichwa wala usijikune na kitana. Ukitoka kwenye rasta, pumzika wiki mbili. Mwambie fundi apake mafuta mazito kwenye ngozi, masikio na paji la uso, aanze kisogoni, amalize na nywele za mbele, kwa kuwa hizo ni nyepesi na hukolea haraka. Muda ni ule wa kwenye kopo. Usivuke dakika 15 hadi 20 ukihesabu tangu alipoanza, si tangu alipomaliza. Kisha shampuu ya kuzimua dawa, mara tatu. Shampuu nyingi za aina hiyo hugeuka waridi zikikutana na dawa iliyobaki, kwa hiyo tazama povu: mpaka liwe jeupe kabisa. Fundi mwenye haraka huosha mara moja, na dawa iliyobaki inaendelea kula usiku kucha ukiwa umelala.

Nywele za mbele zimekimbia kwa kuvutwa. Rasta ikisukwa vizuri hukai na maumivu. Ukiona vipele vyeupe kwenye mizizi, kichwa kinauma, au ukinyanyua nyusi ngozi inagoma, fumua siku hiyo hiyo. Usivumilie mpaka zilegee zenyewe. Malaika za pembeni zisisukwe kabisa. Rasta isipite wiki 6 hadi 8, na usisuke nywele zikiwa na maji, maana unyevunyevu huku ni mwingi na zitavunda ndani. Ukisikia rasta mpya zinawasha, safari ijayo ziloweke kwanza kwenye maji yenye siki kidogo, suuza, anika.

Gusa sehemu iliyokimbia. Ukiona malaika bado, hata kidogo, nywele zinaweza kurudi ukizipa miezi 6 hadi 12 bila kuvutwa. Kama imekuwa laini na inang'aa, mizizi imekufa na mafuta ya kopo lolote hayataifufua. Daktari wa ngozi aione. Kunyoa si lazima. Lakini kichwa kilichonyolewa vizuri ni kizuri, na mama yako hakukutukana.

Huku maji ni ya kununua. Nasoma maelekezo ya kuloweka miguu kwenye beseni nacheka. Magaga nitayatoaje?
*Newala*

Kwa maji lita moja. Lowesha taulo dogo kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kamua, funga kisigino, funika na mfuko wa plastiki, kaa dakika 20. Sugua kwa jiwe kuelekea upande mmoja, usirudi rudi, na simama kabla hujafika kwenye ngozi ya waridi. Futa, paka vaselini nene, vaa soksi, lala. Rudia mara mbili kwa wiki. Wembe kwenye gaga usipite kamwe, hasa kwa mwenye kisukari: kidonda kidogo cha kisigino kimeondoa miguu ya watu.

Mama ananitaka ninyoe kwa wembe kama yeye. Wenzangu chuoni wanatumia nta ya sukari na mama anasema hiyo ni mambo ya watu wa mjini. Wembe unanitoa vipele.
*Kilwa Kivinje*

Wewe na mama yako mnakubaliana kwamba nywele ziondolewe, mmetofautiana kwa chombo tu. Wanawake wa Kiislamu wanaijua hadithi ya siku 40 kuwa mwisho wa kuacha kwapa na sehemu za siri bila kuondoa. Chombo ni chaguo lako.

Vipele huja unapopitisha wembe kinyume na nywele zinavyolala na kuvuta ngozi. Unywele unakatwa chini ya ngozi na ukirudi unakwama. Punguza kwanza kwa mkasi, oga maji ya uvuguvugu, paka povu, pitisha wembe mpya mara moja tu kuelekea nywele zinapolala, bila kuvuta ngozi. Suuza kwa maji baridi. Diodoranti usipake mpaka kesho yake. Wembe wa mtu mmoja ni wa mtu mmoja, hata kama ni dada yako, kwa sababu ya VVU na homa ya ini.

Nta: sukari vikombe 2, maji robo kikombe, maji ya ndimu robo kikombe, moto mdogo, mpaka ifikie rangi ya asali. Dondosha tone kwenye maji baridi. Likifanya kijidonge laini, ipua. Acha ipoe kabisa mpaka uweze kuikanda, kwani sukari ya moto huunguza kuliko maji. Nywele ziwe na urefu wa punje ya mchele. Paka podari, tandaza kinyume na nywele, vuta kwa haraka ukifuata zinavyolala. Fanya usiku kukiwa na ubaridi. Mchana wa Kilwa nta huyeyuka mkononi na haishiki. Matokeo yake hudumu wiki 3 hadi 6.

Nina miaka 63. Bado napaka wanja na kujifukiza udi kila Ijumaa. Wanangu wananiambia umri umepita.
*Mikindani*

Mama, shikamoo. Umri haujapita popote. Ila utuangalizie huo wanja: baadhi ya wanja wa unga wa jiwe una madini ya risasi, nayo huingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka. Tafuta usiokuwa nayo, uliofungwa kiwandani wenye orodha ya viambato, na usiuchangie na wajukuu. Macho mekundu huenea kwa kijiti. Udi uwashe mlango ukiwa wazi, jifukize nguo na kanga kwanza, kisha utoe chetezo nje kabla hujalala.